Hagi: Kocha Aliyefanikiwa Siku Alipoacha Kuajiriwa

Tuanze na jina, maana wengi wetu tunalisoma vibaya. Katika Kiromania herufi g ikifuatwa na i husomeka j, kwa hiyo Gheorghe Hagi, mwanasoka wa Romania aliyegeuka kocha, ni Haji, jina lile lile la huku Pwani. Waturuki walilipata kwa Waarabu, na Wakristo wa Balkan waliokuwa chini ya dola ya Osmania wakalichukua kwa Waturuki, wakamwita hivyo mtu aliyekwenda kuhiji Yerusalemu. Hagi ni wa ukoo wa Waaromania, jamii ndogo ya Balkan ambayo lugha yake ni ndugu wa Kiromania. Alizaliwa tarehe 5 Februari 1965 katika kijiji cha Săcele, mkoa wa Constanța, karibu na Bahari Nyeusi, sehemu ambazo Waturuki walizitawala hadi 1878.

Kwao wanamwita Regele, yaani Mfalme. Nje walimwita Maradona wa Karpathi, kwa ile milima inayoikata Romania katikati. Jezi namba 10, mguu wa kushoto, mechi zaidi ya 120 na mabao 35 kwa taifa lake. Haya hayana ubishi. Ubishi unaanza alipovua viatu akaenda kukaa kwenye benchi.

Ukiangalia orodha ya timu alizofundisha, unaona watu wawili. Wa kwanza ni kocha asiyedumu popote: Bursaspor hakumaliza msimu, Timișoara aliondoka mapema, Steaua alikaa miezi mitatu hivi, Galatasaray mara ya pili miezi mitano. Wa pili ni kocha aliyetwaa ubingwa wa Romania mara mbili, 2017 na 2023, akiwa na klabu mbili ambazo hazikuwahi kuuonja kabla yake. Ni mtu yule yule. Watu husema alikomaa. Mimi naona jibu liko kwingine, na ili kulipata inabidi turudi nyuma, enzi ambazo hata mwenyewe hakuwa na sauti juu ya timu aliyoichezea.

Mchezaji wa kuazimwa

Chini ya Nicolae Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti wa Romania, hakukuwa na soka la kulipwa, angalau kwenye karatasi. Klabu zilikuwa za taasisi. Steaua ilikuwa ya jeshi, Dinamo ya wizara ya mambo ya ndani, na Sportul Studențesc, kama jina lake linavyosema, ya wanafunzi. Mchezaji hakuwa na wakala wala kipengele cha kuvunja mkataba. Mkubwa wa jeshi akikutaka, unakwenda.

Hagi alianzia Farul, klabu ya mji wa Constanța, akapandishwa kikosi cha wakubwa msimu wa 1982/83. Mwaka 1983 akahamia Bucharest kuichezea Sportul. Huko akawa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, mabao 20 msimu wa 1984/85 na 31 msimu uliofuata, na kumbuka alikuwa kiungo mshambuliaji, si straika wa kusubiri krosi.

Mwaka 1986 Steaua walikuwa wamelitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Sevilla. Barcelona walipiga penalti nne na kipa Helmuth Duckadam akazipangua zote. Hagi hakuwepo. Lakini Februari 1987 Steaua walikuwa na mechi ya Super Cup ya Ulaya huko Monaco dhidi ya Dynamo Kyiv, wakamwazima kwa mechi hiyo moja tu. Ikaisha 1-0, na bao ni lake, kwa mpira wa adhabu. Sportul wakakaa kusubiri mchezaji wao arudi, na Steaua hawakumrudisha. Ni sawa na jirani aliyeazima jembe kwa asubuhi moja halafu akalima nalo misimu mitatu.

Hagi hakuumia na wizi huo, tuseme ukweli. Akiwa Steaua alipata ubingwa wa ligi mara tatu, akafika nusu fainali ya Ulaya 1988, na 1989 akacheza fainali Camp Nou, ambako Milan ya Gullit na Van Basten iliwapiga 4-0. Ila jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mchezaji wa kizazi chake: kipaji ni chako, uamuzi ni wa mwingine.

Desemba 1989 utawala wa Ceaușescu ukaanguka na milango ikafunguka. Baada ya Kombe la Dunia la 1990 kule Italia (lile ambalo Roger Milla aliwafunga Waromania mabao mawili na Cameroon wakashinda 2-1, wazee wa redio mtakuwa mnakumbuka), karibu kikosi kizima kilitawanyika Ulaya. Hagi alichukuliwa na Real Madrid.

Miaka miwili ya Madrid ilikuwa ya makocha kupishana mlangoni. Toshack, Di Stéfano, Antić, Beenhakker, wote walimfundisha ndani ya misimu miwili. Mwaka 1992 akakubali kwenda Brescia, timu ndogo ya Italia, kwa sababu kocha wake alikuwa Mromania mwenzake, Mircea Lucescu. Wakashuka daraja msimu huo huo. Hagi akabaki, akacheza daraja la pili, wakapanda tena 1994.

Na kutoka daraja la pili la Italia akaenda Marekani kwenye Kombe la Dunia la 1994. Mechi ya kwanza, uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, dhidi ya Colombia waliokuwa wakitajwa kuwa miongoni mwa wa kutwaa kombe. Hagi yuko kushoto, mbali na goli, karibu na mstari wa pembeni. Kila mtu anangoja achonge krosi. Yeye amemwona kipa Óscar Córdoba amesogea mbele hatua kadhaa, akauinua mpira kwa kushoto ukapita juu yake ukazama nyavuni kona ya mbali. Romania walishinda 3-1. Katika 16 bora wakawatoa Argentina 3-2, Dumitrescu akifunga mawili na Hagi moja, kisha wakatolewa na Sweden kwa penalti robo fainali. Romania haijafika mbali hivyo tena kwenye Kombe la Dunia.

Barcelona ya Johan Cruyff ikamsajili kiangazi hicho hicho. Hapa watu husema alishindwa, na takwimu za mechi ni kweli si nyingi. Lakini wakati ule, kabla ya hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 kulegeza ukomo wa wachezaji wa kigeni, ligi ya Hispania iliruhusu wageni watatu tu uwanjani, na Barcelona ilikuwa na Koeman, Stoichkov na Romário. Mgeni wa nne, hata awe nani, anakaa benchi. Majeraha nayo hayakumwacha. Alichokipata pale ni darasa: aliona jinsi klabu inavyofundisha mtoto wa miaka 10 mfumo ule ule anaocheza nahodha wa timu kubwa. Alikaa na wazo hilo zaidi ya miaka kumi kabla ya kulifanyia kazi.

Istanbul ndiko alikopata heshima yote. Alifika Galatasaray 1996 akiwa na miaka 31, watu wakidhani amekuja kula pensheni. Akatwaa ubingwa wa ligi miaka minne mfululizo, na tarehe 17 Mei 2000 mjini Copenhagen Galatasaray ya Fatih Terim ikaifunga Arsenal kwa penalti 4-1 baada ya sare ya 0-0, ikawa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa kombe la Ulaya. Hagi aliuona ushindi huo akiwa nje. Alipewa kadi nyekundu kwenye muda wa nyongeza kwa kukwaruzana na Tony Adams. Penalti ya mwisho aliipiga Gheorghe Popescu, ambaye kwa Hagi ni zaidi ya mwenzake wa timu: wake zao ni mtu na dada yake. Shika jina hilo.

Kocha wa kukodiwa

Alistaafu 2001 na mwaka huo huo akakabidhiwa timu ya taifa. Bila uzoefu wowote wa ukocha. Kazi yake ilikuwa kuifikisha Romania Kombe la Dunia la 2002, na njiani kulikuwa na mechi mbili za mtoano dhidi ya Slovenia. Walifungwa 2-1 ugenini, wakatoka 1-1 Bucharest, akaondoka. Mtu anayempa kazi kama hiyo shujaa aliyevua jezi juzi anatafuta jina la kutulizia mashabiki, na ubaya ni kwamba jina hilo ndilo linalochafuka.

Bursaspor 2003 ilikuwa fupi na mbaya. Galatasaray 2004 hadi 2005 ilikuwa nzuri kuliko inavyokumbukwa: fainali ya Kombe la Uturuki aliwafunga Fenerbahçe 5-1, kipigo ambacho mashabiki wa Istanbul hawajaacha kutaniana nacho. Ubingwa wa ligi hakuupata, na pale mwaka bila ubingwa ni mwaka wa kufungasha. Timișoara ikafuata, nayo haikudumu.

Steaua 2007 ndiyo inayofafanua mambo. Klabu ilikuwa mikononi mwa Gigi Becali, tajiri ambaye Waromania wote wanajua tabia yake ya kutamka hadharani nani acheze na nani atolewe. Msomaji wa huku hahitaji maelezo marefu. Tunawajua wafadhili wanaopiga simu benchi. Hagi aliivusha timu mechi za mchujo dhidi ya Zagłębie Lubin na BATE Borisov, ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza ya kundi wakafungwa 2-1 na Slavia huko Prague. Kukicha tu, Hagi akajiuzulu. Hakukubali kupangiwa kikosi.

Kocha mwingine angemeza mate, akavumilia, akavuna pesa za Ulaya. Huyu hakuweza. Unaweza kukiita kiburi, na kiburi kipo. Lakini pia huyu ni mtu ambaye ujana wake wote timu zilipangwa na wenye vyeo. Sioni ajabu kwamba akiwa na miaka 42 hakutaka tena kuambiwa na mwenye klabu.

Galatasaray walimrudisha Oktoba 2010. Machi 2011 akawa ameondoka, na timu ikamaliza msimu nafasi ya nane. Lakini wakati huo tayari alikuwa na mradi wake nyumbani.

Ovidiu

Ovidiu ni mji mdogo pembezoni mwa Constanța. Mwaka 2009 Hagi alifungua hapo akademi ya soka kwa fedha zake, na pamoja nayo klabu aliyoiita Viitorul, maana yake Mustakabali. Klabu ilianzia daraja la tatu, 2010 ikapanda la pili, 2012 ikaingia Ligi Kuu. Septemba 2014, timu ikiwa inayumba, mwenyewe akashuka benchi kuifundisha. Sasa akawa mmiliki, mkuu wa akademi na kocha. Hakuna simu ya mfadhili, maana mfadhili ni yeye.

Mfumo ulikuwa 4-3-3 kuanzia watoto hadi wakubwa, mpira kuanzia kwa kipa, na kijana akiiva anapangwa bila kujali umri. Romania ya wakati ule timu nyingi zilinunua wachezaji wa kigeni wa bei nafuu wenye miaka 30. Viitorul waliweka watoto wa miaka 18. Wakafungwa sana mwanzoni, na Hagi akaendelea nao. Kocha wa kuajiriwa angetimuliwa wiki ya sita.

Je, pesa inatoka wapi? Hapa wengi huchanganyikiwa, wakidhani akademi ni hisani ya mstaafu tajiri. Ni biashara, na ina njia tatu. Ya kwanza ni kumuuza mchezaji. Ya pili ni kubakiza asilimia fulani ya mauzo yake yajayo. Ya tatu ni mfuko wa mshikamano wa FIFA: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 unalipwa asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 asilimia 0.5. Fanya hesabu: umemlea mtoto tangu miaka 12 hadi 18, baadaye klabu nyingine kabisa inamuuza kwa euro milioni 10. Miaka minne ya kwanza ni asilimia 1, mitatu inayofuata asilimia 1.5. Jumla asilimia 2.5, yaani euro 250,000 kwa mchezaji ambaye si wako tena. Kanuni hiyo inaihusu akademi ya Ovidiu kama inavyokihusu kituo chochote cha Temeke au Kisumu, mradi usajili wa watoto umeandikwa vizuri. Hapo kwenye kuandika ndipo wengi wetu tunapoangukia.

Wachezaji wakatoka kweli: Răzvan Marin, Florinel Coman, Denis Drăguș, Alexandru Cicâldău, Tudor Băluță. Na Ianis Hagi, mwanawe, aliyezaliwa Istanbul Oktoba 1998. Baba alimpa kitambaa cha unahodha kabla hajatimiza miaka 18, na maneno yakasemwa, kama ambavyo yangesemwa popote. Ianis akaenda Fiorentina, akarudi, akaenda Genk na baadaye Rangers, ambako alipata ubingwa wa Scotland 2021. Maneno yakapungua.

Ubingwa wa 2017 una fundo lake. Ligi ya Romania wakati huo ilikuwa na timu 14. Msimu wa kawaida ukiisha, sita za juu zinaingia hatua ya mwisho na pointi zao zinakatwa nusu. Lengo ni kuongeza msisimko, na matokeo yake ni kwamba pengo la miezi minane linaweza kufutika kwa mechi tatu. Viitorul waliongoza msimu wa kawaida. Hatua ya mwisho ilipomalizika walikuwa sawa kwa pointi na FCSB ya Becali, na kombe likaamuliwa kwa matokeo ya timu hizo mbili zilipokutana. FCSB hawakuridhika, lakini kombe likabaki Ovidiu. Aliyemkimbia Becali 2007 alimpokonya ubingwa miaka kumi baadaye.

Na kwa nini FCSB, si Steaua? Kwa sababu jeshi lilidai jina na nembo yake mahakamani likashinda. Desemba 2014 timu ya Becali iliwahi kucheza ikiwa haina hata jina kwenye ubao wa matokeo. Mwaka 2017 ikajiandikisha rasmi kuwa FCSB, na jeshi likaanzisha upya timu ya Steaua kutoka daraja la nne. Timu ipi kati ya hizo ina haki ya kulitaja kombe la 1986 ni ugomvi ambao bado unawatoa watu povu Bucharest.

Viitorul waliongeza Kombe la Romania 2019. Ulaya hawakufua dafu. Kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa 2017 waliifunga APOEL ya Cyprus 1-0 nyumbani, wakaenda kupigwa 4-0 kule. Ndiyo bei ya mfumo wenyewe: ukishauza kila anayeiva, Ulaya unakwenda na waliobaki.

Farul, ile klabu ya utotoni mwa Hagi, ilikuwa imefilisika 2016 na mashabiki wakaianza upya kutoka madaraja ya chini. Juni 2021 Hagi, Popescu (shemeji yule wa Copenhagen) na Ciprian Marica, mshambuliaji wa zamani wa taifa aliyekuwa mmiliki wa Farul, wakaunganisha klabu hizo mbili. Viitorul walitoa nafasi ya Ligi Kuu, wachezaji na akademi. Farul walitoa jina, rangi na mashabiki. Ukitaka ukweli mchungu, Viitorul walikuwa na kila kitu isipokuwa watu wa kuwashangilia.

Mei 2023 FCSB walikuja Ovidiu katika mechi ya kuamua ubingwa. Wakaongoza 2-0. Farul wakarudisha yote mawili, wakafunga la tatu, wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe 1920. Tena FCSB, tena Becali.

Binafsi sidhani Hagi ni kocha mkubwa wa mbinu. Wapo Waromania waliomzidi, Lucescu akiwa wa kwanza. Nguvu yake ni subira, na subira hiyo hakuna mwajiri aliyewahi kumpa, ikabidi ainunue mwenyewe. Kwenye Euro 2024 Romania waliifunga Ukraine 3-0 na kuongoza kundi lao. Mabao mawili kati ya hayo matatu yalifungwa na Marin na Drăguș, vijana wa Ovidiu.

Kilichobaki ni fundo moja dogo la kumbukumbu. Viitorul haipo tena, lakini kwenye orodha ya mabingwa wa Romania ubingwa wa 2017 umeandikwa kwa jina lake, na wa 2023 kwa jina la Farul. Atakayeipitia orodha hiyo miaka 50 ijayo atadhani Constanța ilikuwa na klabu mbili hodari zilizopokezana. Jina la kocha halimo kwenye orodha.